Mgeni Auliza, Mwenyeji Ajibu: Lugha ya Utafiti wa Maoni ya Wapigakura katika Njia ya Misafara ya Tabora

Mwezi Septemba 2015, wiki chache kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Tanzania, taasisi ya Twaweza ilitangaza kwamba asilimia 65 ya wananchi waliohojiwa wangemchagua John Magufuli wa CCM, na asilimia 25 wangemchagua Edward Lowassa, mgombea wa Chadema aliyeungwa mkono na vyama vya UKAWA. Kampuni ya Ipsos nayo ikatoa takwimu zake: asilimia 62 kwa Magufuli na 31 kwa Lowassa. Kura zilipigwa tarehe 25 Oktoba. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilimtangaza Magufuli mshindi kwa asilimia 58.46, na Lowassa akapewa asilimia 39.97. Mshindi alikuwa yule yule aliyetabiriwa. Aliyeshindwa, hata hivyo, alipata kura ambazo utafiti wa kwanza haukuwa umeziona kwa takriban watu 15 katika kila 100.

Hali hiyo haikuwa ngeni. Mwaka 2010, REDET, mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulimkadiria Jakaya Kikwete kupata asilimia 71.2 na Willibrod Slaa asilimia 12.3. Kampuni ya Synovate, ambayo baadaye ilinunuliwa na Ipsos, ilitaja asilimia 61 na 16. Kura halali zilipohesabiwa, Kikwete alikuwa na takriban asilimia 63 na Slaa 27. Takwimu ya Synovate kuhusu mshindi ilikaribia sana matokeo. Takwimu yake kuhusu mpinzani haikukaribia. Ukijumlisha 61 na 16 unapata 77. Asilimia 23 iliyosalia iligawanyika baina ya wagombea wengine, wasioamua na wasiotaka kusema. Inaelekea kwamba sehemu ya Slaa ilikuwa imelala humo, ndani ya kundi ambalo magazeti hayakulipa kichwa cha habari.

Wataalamu wa sayansi ya siasa wana maelezo yao, nayo ni ya kuheshimiwa. Kampeni hubadili mawazo. Mwaka 2010 waliojitokeza kupiga kura walikuwa chini ya asilimia 43 ya walioandikishwa, kwa hiyo wengi waliotaja jina la mgombea hawakufika kituoni. Sampuli nazo zina mipaka yake. Tafiti za Afrobarometer nchini Tanzania, zinazofanywa na REPOA, kwa kawaida huhoji watu 2,400. Zikigawanywa kwa uwiano wa idadi ya watu, Mkoa wa Tabora, wenye wakazi zaidi ya milioni 3 kwa mujibu wa Sensa ya 2022, hupata takriban wahojiwa 130, yaani vituo kama 16 vya watu wanane wanane katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Kwa idadi hiyo, kadirio la mkoa peke yake linaweza kupotoka kwa asilimia nane au tisa juu au chini bila mtu yeyote kufanya kosa. Tuhuma kwamba takwimu zilipikwa zilitolewa kila mara, na kila mara zilikanushwa, hazitajadiliwa hapa.

Jambo litakalojadiliwa ni dogo zaidi, na kwa sababu hiyo limepuuzwa zaidi. Kila takwimu ya maoni ni jibu la swali. Swali ni sentensi, na sentensi hiyo husemwa na mtu fulani kwa mtu fulani, katika lugha fulani, mahali fulani. Mahali palipochaguliwa ni Tabora na njia ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, kwa kuwa huko Kiswahili kina historia ndefu ya kuwa lugha ambayo mgeni humuulizia mwenyeji habari zake.

Istilahi na utata wake

Kwanza jina lenyewe. Katika Kiswahili cha Tanzania, kura ya maoni ni mambo matatu. Ni upigaji kura wa wananchi wote kuhusu suala la kikatiba, kama ule wa Zanzibar wa tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 waliridhia serikali ya umoja wa kitaifa. Ni uteuzi wa ndani ya chama, ambapo wanachama huwapigia kura watia nia kabla vikao vya juu havijapitisha jina. Na ni utafiti wa kampuni au taasisi inayowauliza watu elfu moja au mbili wangemchagua nani. Katikati ya mwaka 2010 maana zote tatu zilikuwa hewani kwa wakati mmoja. Msikilizaji wa redio kule Sikonge au Urambo aliyesikia kwamba "kura ya maoni imempa fulani ushindi" alikuwa na haki ya kudhani kwamba kuna kura zilizopigwa mahali, na kwamba fulani amekwisha kupita.

Utata huu si wa kuchekesha tu. Neno kura limebeba mamlaka. Asili yake ni Kiarabu, nako lilihusu kupiga bahati ili kuamua jambo, maana ambayo bado imo katika tafsiri za Biblia na katika matumizi ya kawaida watu wanapogawana kitu. Kura ikishaanguka, ubishi umekwisha. Maana ya uchaguzi wa kisiasa iliongezwa juu ya msingi huo, na uzito wa hukumu ulibaki. Jibu la mhojiwa halina uzito huo. Halina karatasi wala sanduku, na zaidi ya yote halina siri. Kwa sababu hiyo utafiti wa maoni ni istilahi bora, ingawa ni ndefu na haipendezi katika vichwa vya habari. Kinachoshangaza ni kwamba wanahabari walioweza kuzoea uchakachuaji kwa muda wa miezi michache tu mwaka 2010 wanaona utafiti wa maoni ni mzigo.

Maneno yaliyotembea kwa miguu

Burton na Speke walipofika Kaze, katika Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, Kiswahili kilikuwa kimewatangulia. Wafanyabiashara wa pwani na wa Oman walikuwa na makazi yao hapo, na Wanyamwezi kwa upande wao walikwisha kuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote katika njia ile. Ni kosa la kawaida kusema kwamba Kiswahili "kililetwa" Tabora. Wanyamwezi walikifuata pwani, wakakibeba pamoja na mizigo ya pembe, na wakakirudisha kikiwa na alama zao. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, ameonyesha vizuri kwamba utamaduni wa msafara ulikuwa kwa kiasi kikubwa utamaduni wa Wanyamwezi wenyewe.

Kati ya maneno ya njia ile, yapo kadhaa yaliyohamia katika siasa na yakakaa humo hata asili yake ikasahauliwa. Kirangozi alikuwa mtu aliyetangulia mbele ya msafara akiwa na bendera. Alijua njia, lakini msafara haukuwa mali yake. Kiongozi wa leo ni ndugu wa neno hilo kwa umbo na kwa maana. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, mara nyingi kibaba cha nafaka. Leo ni fedha anayolipwa mbunge kwa kikao, au mwanakijiji aliyekaa katika semina tangu asubuhi. Hongo, neno ambalo wasafiri wa Ulaya waliliandika kwa manung'uniko, hasa walipoeleza safari ya Ugogo, lilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite katika nchi yake na kutumia maji yake. Haukuwa wa siri wala wa aibu. Ulijadiliwa hadharani, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Neno hilo hilo sasa ni jina la kosa la jinai.

Mwelekeo wa hongo unastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu unagusa uchaguzi moja kwa moja. Zamani anayepita alimlipa mwenye nchi. Katika uchaguzi mgombea ndiye apitaye, na mpigakura ndiye mwenye nchi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapigakura. Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo mwaka 2006 kwa kuwa ilikwenda kinyume na Katiba. Katika kesi ile mstari kati ya takrima na hongo ulitafutwa kwa hoja za sheria. Mwanaisimu angesema kwamba mstari huo haupo katika kitu kinachotolewa. Upo katika jina linalotumiwa, na katika swali la nani ni mgeni wa nani.

Lipo neno la nne, nalo ndilo la msingi kwa mada hii: habari. Msafara ulikuwa chombo cha habari kabla ya gazeti na redio. Mgeni aliyefika aliulizwa ya huko atokako. Naye aliuliza ya mbele: maji, vita, bei ya nafaka. Kiswahili kimeirithi desturi hiyo kwa ukamilifu, kiasi kwamba hakiwezi kusalimu bila kuuliza habari. Kila mzungumzaji anaujua utaratibu wake. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Kisha kinakuja kituo kidogo, na baada yake: "Ila mama amelazwa tangu juzi." Jibu la kwanza ni la adabu. Linathibitisha kwamba wazungumzaji wawili wana amani baina yao. Habari yenyewe imo katika jibu la pili, na hiyo humfikia yule tu aliyekaa kuisubiri.

Mtafiti wa maoni ana hojaji yenye maswali mengi na kaya nyingine saba za kufikia. Anaandika jibu la kwanza.

Isidhaniwe kwamba Mnyamwezi wa leo ana upungufu wa Kiswahili. Katika mji wa Tabora, kama Ujiji, zipo familia ambazo Kiswahili kimekuwa lugha yao ya nyumbani kwa vizazi, na vijijini vijana wengi wanakimudu sawasawa na Kinyamwezi. Suala si umahiri, ni mgawanyo wa kazi. Kinyamwezi, lugha ambayo Maganga na Schadeberg waliieleza kwa kina katika sarufi yao ya 1992, ndiyo ya shambani, ya msibani, ya mazungumzo ya jioni kuhusu nani anafaa na nani hafai. Kiswahili ndicho kilichokuja na karani. Utawala wa Wajerumani ulikitumia kukusanya kodi, Waingereza wakakiendeleza, na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ikawaleta makarani wengi zaidi. Baada ya uhuru kilikuwa lugha ya chama, ya sensa, ya chanjo na ya pembejeo. Kwa zaidi ya karne moja, kijana mgeni mwenye karatasi na kalamu, anayehesabu watu wa kaya na kuuliza kwa Kiswahili sanifu, amekuwa mtu wa serikali.

Hili si dhana tupu. Afrobarometer ina desturi njema ya kumuuliza mhojiwa mwishoni: unadhani ni nani aliyetutuma? Mhojaji amekwisha kueleza mwanzoni kwamba hakutumwa na serikali. Hata hivyo, katika nchi nyingi za Afrika sehemu kubwa ya wahojiwa hujibu kwamba ni serikali. Matokeo ya swali hilo kwa kawaida huwekwa mwishoni kabisa mwa majedwali. Yangefaa kuwekwa mwanzoni.

Sentensi ya swali

Swali la msingi la tafiti hizi, licha ya tofauti ndogo za maneno, lina umbo hili: "Kama uchaguzi ungefanyika leo, ungempigia kura nani?" Umbo hilo limechukuliwa kutoka katika mapokeo ya utafiti wa maoni ya Marekani, yaliyopata nguvu baada ya mwaka 1936, George Gallup alipotabiri sawasawa ushindi wa Roosevelt wakati jarida la Literary Digest, kwa karatasi zaidi ya milioni mbili zilizorejeshwa, lilipompa ushindi Landon. Kwa Kiingereza umbo la masharti katika swali hilo ni kipande cha ufundi kisichovuta macho. Kwa Kiswahili, kiambishi -nge- kinavuta macho sana.

Sarufi za shule hutofautisha -nge- na -ngali- kwa kusema kwamba ya kwanza ni ya jambo linalowezekana na ya pili ni ya jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita. Katika matumizi mpaka huo umelegea, lakini -nge- imebaki na sifa moja: humweka msemaji nje ya tendo. "Ningekuja" husikika kama utangulizi wa "lakini". Ndiyo njia ya heshima ya kukataa mwaliko. Mtu anayeulizwa "ungempigia kura nani" ameulizwa kuhusu siku ambayo haipo, katika umbo la kitenzi ambalo halimdai chochote. Anaweza kutaja jina lolote lisiloleta ugomvi, na hajasema uongo. Tena, swali halikumuuliza kama atakwenda kituoni. Kwa uchaguzi ambao zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakwenda, kama ule wa 2010, hilo ni pengo kubwa kwa sentensi moja kuwa nalo.

Je, -ta- ingefaa zaidi? "Utampigia kura nani?" ni swali la wakati ujao, na katika Kiswahili wakati ujao wa nafsi ya pili hukaribia kudai ahadi. Mwalimu humwambia mwanafunzi "utaniletea kesho", na si utabiri. Mhojiwa anayejibu "nitampigia fulani" mbele ya mgeni anahisi amefungwa. "Ulimpigia nani?", kwa uchaguzi uliopita, ni kama kuungamishwa. Hakuna umbo lisilo na upande. Lililo baya ni kudhani kwamba lipo, na kuchapisha matokeo bila kuchapisha sentensi ya Kiswahili iliyotumika. Ripoti nyingi huchapisha swali kwa Kiingereza, ilhali hakuna hata mhojiwa mmoja wa Nzega aliyeulizwa kwa Kiingereza.

Ukanushi una mtego wake. Mtu akiulizwa "Hukupiga kura mwaka uliopita?" naye hakupiga, Kiswahili humruhusu kujibu "Ndiyo", yaani ni kweli ulivyosema. Mhojaji aliyefundishwa kwa haraka huweka alama mahali pa "ndiyo, alipiga". Makosa ya aina hii hayasawazishwi kwa kuongeza sampuli. Watu 10,000 wakiulizwa swali la kukanusha watatoa "ndiyo" zenye utata mara 10,000.

Yapo pia maneno ambayo hojaji huyachukulia kuwa mepesi. Kumwamini kiongozi ni mojawapo. Imani ni neno la dini kwanza, na kusema mbele ya mgeni kwamba mtu hana imani na Rais ni tamko zito kuliko kusema kwamba hapendezwi na bei ya tumbaku. Neno kiasi nalo, likiwa peke yake, lina maana ya wastani. Likiwekwa katika mizani ya "kwa kiasi kikubwa" na "kwa kiasi fulani", mhojiwa aliyechoka husema "kiasi" tu, na mhojaji ndiye anayeamua amaanishe kipi. Hata kaya si neno tulivu: kwa Mmijikenda ni jina la makazi matakatifu ya msituni, kwa mtakwimu ni watu wanaokula chungu kimoja, na kwa Mnyamwezi au Msukuma laweza kuwa mji mzima wa mzee mmoja wenye vyungu vinne.

Mwaka 2002 ripoti ya Afrobarometer kuhusu utafiti wa Tanzania wa mwaka 2001 ilijiuliza, katika kichwa chake, kama Watanzania ni raia wasiohoji au ni wadhamini wenye subira. Swali hilo lilizuka kwa kuwa majibu yao yalionekana ya kuridhika mno yakilinganishwa na hali yao ya maisha. Uwezekano wa tatu haukupewa nafasi ya kutosha: kwamba walikuwa watu wenye adabu, waliojibu "nzuri" na kusubiri kuulizwa tena.

Maoni mbele ya hadhara

Historia ya Tanzania inatoa mfano mkubwa wa jibu la kwanza na la pili. Mwaka 1991 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Watu 36,299 walitoa maoni yao. Asilimia 77.2 walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Wengi katika kundi lile kubwa waliongeza kwamba chama hicho kimoja kibadilike. Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa hivyo.

Uamuzi huo umesifiwa na umelaumiwa, na wote wawili, wasifuo na walaumuo, hutaja asilimia 77.2. Kiisimu, sehemu ya kuangaliwa ni ile nyongeza. Aliyesema "chama kimoja kiendelee, lakini" alisema sentensi moja yenye sehemu mbili, na muundo wa Kiswahili huweka uzito katika ya pili. Majedwali yalihesabu ya kwanza. Tume ilipoamua kuusikiliza mwisho wa sentensi ilifanya kazi ya tafsiri, si ya hesabu, na ilikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Yaweza kupingwa kwamba hiyo ni hatari, kwa kuwa mtawala yeyote anaweza kudai kwamba amesikia "lakini" ambayo haikusemwa. Pingamizi hilo ni la kweli. Dawa yake ni kuyarekodi maneno yenyewe, si kuyatupa na kubaki na namba.

Tabora yenyewe ina kumbukumbu ya jambo la mbali zaidi. Mwezi Januari 1958 TANU ilikutana hapo kuamua kama ishiriki katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa masharti ya kura tatu: kila mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na haki ya kupiga kura itegemee kipato, elimu au wadhifa. Wajumbe wengi walifika wakiwa na hasira na nia ya kususa. Kama kampuni ya utafiti ingewahoji asubuhi ya siku ya kwanza, ingetabiri kususia bila wasiwasi. Julius Nyerere, aliyekuwa amesoma Tabora na kufundisha St. Mary's hapo hapo, aliwageuza kwa hoja na kwa Kiswahili, na mkutano ukapitisha kile kilichokuja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama chake. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda.

Inafaa kuona kilichotokea kwa neno maoni katika mkutano ule. Maoni yametokana na kuona. Mtu akionyeshwa kitu kingine, au kitu kile kile kutoka upande mwingine, maoni yake hubadilika bila yeye kuwa kigeugeu. Wajumbe wa 1958 hawakuwa wameficha maoni ya kweli yaliyosubiri kugunduliwa na mhojaji hodari. Waliyatengeneza pale ukumbini, kwa kusemeshana. Utafiti unaopima kila mtu peke yake, kwa dakika chache, hauwezi kuyakamata maoni ya namna hiyo hata ukiwa mwaminifu kabisa.

Swali lililojibiwa mara ya pili

Hoja ya mgeni na mwenyeji ina udhaifu wake, na haki inataka uelezwe. Mradi wa Sauti za Wananchi wa Twaweza hauwatembelei watu wapya kila mara. Ulichagua kaya kwa sampuli, ukawapa wahojiwa simu na chaja za jua, kisha ukawa unawapigia wale wale tena na tena. Kufikia 2015 sauti ya mhojaji haikuwa ngeni kwao. Hata hivyo makadirio yalimpunguzia Lowassa kuliko yale ya Ipsos. Yamkini ugeni peke yake hautoshi kueleza. Yamkini pia aliyepokea simu na chaja anamwona mpigaji kama mtu anayemdai fadhila. Ushahidi uliopo hauruhusu kuchagua kati ya maelezo hayo mawili.

Lakini mradi huo huo ulitoa, Julai 2018, takwimu za aina nyingine. Walioukubali utendaji wa Rais Magufuli, ambao walikuwa asilimia 96 mwaka 2016 na 71 mwaka 2017, walikuwa wameshuka hadi 55. Hapa wahojiwa walitoa jibu la pili. Tofauti moja iko katika swali. Kuulizwa kuhusu utendaji, badala ya jina la kumchagua, humpa mtu nafasi ya kusema "nzuri, ila". Halimtaki amkane mtu. Linamtaka apime kazi. Mnyamwezi aliyelipwa bei mbaya ya tumbaku anaweza kulijibu bila kuvunja adabu.

Yaliyofuata yanajulikana. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliitaka Twaweza ijieleze kuhusu kibali cha utafiti, na hati ya kusafiria ya Mkurugenzi Mtendaji wake, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa na Uhamiaji. Mwezi Septemba mwaka huo Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa ili kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopotosha au kutilia shaka zile rasmi; adhabu yake ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani, na mwaka 2019 kipengele hicho cha jinai kiliondolewa. Kenya ilikuwa imechagua njia nyingine mwaka 2012, ya kutunga sheria inayoratibu uchapishaji wa tafiti za uchaguzi.

Athari za 2018 kwa lugha zilikuwa za moja kwa moja. Mhojiwa ambaye alishadhani kwamba mhojaji katumwa na serikali alisikia kwamba hata mhojaji mwenyewe anaweza kuadhibiwa na serikali kwa majibu aliyoyakusanya. Mtu wa namna hiyo, akipigiwa simu na kuulizwa angempigia nani, ana maneno mengi ya Kiswahili ya kumsaidia: "tutaona", "Mungu ndiye ajuaye", "yeyote watakayemleta", "kura yangu ni siri". Kila moja lina maana yake. La kwanza huahirisha, la pili huinua jambo juu ya wazungumzaji wote wawili, la tatu lina chembe ya kejeli, na la nne ni dai la haki ya kisheria. Katika hojaji yote manne huingizwa katika kisanduku kimoja, "hajui au hakujibu", na mchambuzi aliyeko Dar es Salaam au ng'ambo huyagawa kwa wagombea kwa uwiano wa waliojibu, au huyaacha nje kabisa ya hesabu.

Aliyesema "siri" amejua na amejibu. Kwa gharama ndogo ya wino, hojaji ijayo inaweza kumpa kisanduku chake mwenyewe, na kando yake mstari mtupu ambapo mhojaji wa Kaliua au Igunga ataandika maneno kamili kama yalivyosemwa, pamoja na "ila" iliyofuata.